Siku ya Nne Watamu



Ndugu mmoja hapa Eldoret alinishika mkono baada ya sala ya Ijumaa, akataka kujua iwapo yafaa mtu kuwapeleka watu wa nyumbani mwake katika miji ya pwani inayojaa watalii. Nikamjibu kuwa yafaa, wakichunga sala na sitara. Jibu lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa fupi mno, nami nikijua kwamba safari yangu ya Disemba ilinifunza jambo ambalo sikumwambia. Leo nalieleza, ingawa lanitia haya.

Sisi tunaokaa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari tuna shauku ya jua ambayo nyinyi mnaoamka nalo kila siku hamwezi kuijua. Samaki wetu ni wa Ziwa Viktoria, huletwa kutoka Kisumu. Basi likizo ilipofika tukafunga safari ya kilomita kama 900: basi hadi Nairobi, gari moshi hadi Mombasa, kisha matatu ya Malindi. Tukashuka Gede, tukaingia Watamu kwa tuktuk, nyumbani kwa shangazi yake mke wangu. Binti yangu wa miaka kumi na minne alitamani hoteli yenye bwawa, akanuna tangu Kilifi.

Watamu wakati wa kaskazi yapendeza, bahari imetulia, mchanga ni mweupe, na vile visiwa vidogo vya mawe vimesimama majini kama uyoga. Hoteli zimeshika ufuo, na vijana wa biashara huzungumza Kitaliano bila kuvuta pumzi. Lakini ukiingia ndani kidogo utakikuta kijiji chenyewe, chenye misikiti, vichochoro, nyavu zilizoanikwa na madema yaliyorundikwa ukutani. Watu hawa walikuwa wavuvi kabla ya mtalii wa kwanza kufika, na wengine wangali wavuvi. Tangu mwaka 1968, sehemu ya bahari iliyo mbele yao ni hifadhi ya taifa, ambamo mtalii huogelea kuwatazama samaki lakini mvuvi haruhusiwi kutega. Sisemi kwamba hifadhi ni mbaya, kwani matumbawe yasipolindwa hata samaki wa nje ya mpaka watapungua. Nasema tu kwamba riziki ya hapo ina mpaka, na mgeni haujui.

Usiku wa kwanza binti yangu aliniona nimesali Ishaa rakaa nne. Njiani tulikuwa tukipunguza na kukusanya, na alikwisha kuizoea takhfifu hiyo. Akauliza, "Baba, kwani safari imekwisha?" Nikamfahamisha kuwa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa ya kupunguza humwondokea tangu anapofika. Nasi tulinuia wiki nzima. "Kwa hiyo kisheria sisi si wasafiri tena," nikasema, nikijiona mwalimu hodari.

Kina mama mtataka kujua habari ya kuogelea. Mke wangu na binti walikuwa wakitoka baada ya Alfajiri pamoja na wanawake wa nyumbani, upande wa kijiji, wakiwa na nguo zao za sitara, wakirudi kabla jua halijapanda. Bahari ni pana, na saa hizo ufuo huwa mtupu.

Asubuhi ya tatu nilikwenda peke yangu dikoni. Dau lilikuwa limeingia na tafi na changu wa kung'ara. Nikauliza bei. Mvuvi akasita, akasema, "Hawa wana mwenyewe, Sheikh." Nikadhani ni maneno ya kupandisha bei. Nikataja kiasi kikubwa, nikatoa pesa taslimu. Akaitazama noti, akazitazama nyavu zake zilizochakaa, akanijazia ndoo.

Shangazi hakupaza sauti. Aliinama juu ya ndoo, akauliza, "Umechukua za nani?" Kisha akanieleza. Kila dau lina mama karanga wake, mwanamke anayenunua samaki wadogo, akawakaanga, akauza jioni, na kumlipa mvuvi baada ya mauzo. Nguru na kamba huenda hotelini. Hawa wadogo ndio sehemu ya kijiji. Mama wa dau lile ni mjane, na asubuhi ile alikuwa amekwisha kununua mafuta na kuni.

Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza mtu kununua juu ya ununuzi wa nduguye. Mlango huo nimeusomesha miaka mingi, na vijana wangu wanauhifadhi kwa Kiarabu. Na mvuvi alikuwa ameniambia waziwazi.

Nikaibeba ndoo hadi kwa yule mama, nikamwomba radhi, nikamwambia achukue bure. Akakataa. "Mimi si wa kupewa, Sheikh. Mimi nafanya biashara." Ikabidi nimuuzie kwa bei yake ya kila siku, tena kwa mkopo mpaka usiku.

Alasiri ile tulikwenda Gede kuutazama mji wa kale uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Binti alisimama kwenye kaburi lenye maandishi ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia, akahesabu kwa vidole miaka iliyopita. Mimi mawazo yangu yalikuwa kwenye ndoo.

Baada ya Ishaa mtoto wa yule mama alibisha hodi. Alileta pesa kamili, na tafi wanne wa kukaanga waliofungwa katika gazeti.

Siku ya nne, kabla ya chai, shangazi alimwekea binti yangu mbuzi na nazi tatu. "Mgeni siku mbili," alisema, "na wewe umezidisha." Binti alicheka, akakaa, akakuna vibaya sana. Mimi nikapewa ndoo tupu, nikaambiwa nikamsaidie mama karanga kubeba. Nikamfuata dikoni, nikasimama nyuma yake.