Kioo cha Saa na Kauli ya Mvaaji

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwanyamazisha wanaodakia mambo yasiyowahusu. Ni nadra kuelekezwa kwa seremala mwenyewe, akumbushwe kuwa yule anayekilalia kitanda analijua jambo asilolijua yeye, ajapokuwa hodari wa kuranda. Kisa cha kioo cha saa ya mkononi chatosha kumwelekezea.

Mnamo mwaka wa 1968, mpiga mbizi mmoja wa Kure, mkoani Hiroshima, aliiandikia kampuni ya Seiko barua ya malalamiko. Saa za wapiga mbizi zilizokuwapo, alieleza, hazikuimudu kazi yake ya kina cha mita 350. Watu wa kazi hiyo huishi siku nyingi ndani ya chumba chenye shinikizo kubwa, wakivuta hewa iliyochanganywa na heliamu. Chembe za gesi hiyo ni ndogo mno hata hupenya mahali ambapo maji hayapiti. Shinikizo linapopunguzwa, gesi iliyonaswa ndani ya saa husukuma ikitafuta pa kutokea, na kioo hufyatuka. Ajabu iliyoje! Saa iliyoishinda bahari huharibikia pakavu, mwenyewe akiwa ameketi akingoja kurudi nyumbani. Mhandisi aliyeketi mezani pake angelitambuaje hilo pasipo kuambiwa?

Seiko haikuitupa barua ile. Baada ya miaka 7, mwaka wa 1975, ilitoa saa ya kuhimili kina cha mita 600, yenye gamba la titani lisilofunguka kwa nyuma, na mpira wa kuzibia wenye umbo la herufi L uliozuia heliamu isiingie kamwe.

Wapo watakaodai kuwa huyo alikuwa mtaalamu, na kwamba mpenzi wa saa wa kawaida hana la kumfunza mhandisi. Dai hili lina upungufu. Saa ya Omega Speedmaster, iliyoidhinishwa na NASA mwaka wa 1965, ilikuwa na kioo cha plastiki ya akriliki. Plastiki hiyo hukwaruzika upesi, lakini haipasuki ikatawanya vigae, sifa yenye thamani kubwa ndani ya chombo cha angani. Kioo cha yakuti samawi, kwa upande wake, kina ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs, almasi ikiwa na 10. Kwa hesabu hiyo plastiki ingalikwisha kuachwa zamani. Hata hivyo, wapenzi wa saa hiyo hawakuacha kuitetea: mikwaruzo yake hung'arishwa ikatoweka, na mwanga huipitia kwa ulaini usiopatikana katika yakuti. Saa hiyo ilipofanyiwa marekebisho mwaka wa 2021, iliuzwa kwa vioo vya aina zote mbili. Ulaini wa mwanga haumo katika kipimo cha Mohs. (Kweli, baadhi ya mashabiki hupenda ukale kwa kuwa ni ukale tu, msanifu mwerevu hulipambanua lalamiko na hamu.)

Wanaounda istilahi za Kiswahili wana la kujifunza hapa. Kamusi hutupa neno "akrabu", ilhali wengi waonapo kitu hicho husema "mshale". Tulitungiwa "ngamizi", ikaja "tarakilishi", na watu wangali wakisema "kompyuta". Lawama hutupiwa wazungumzaji kuwa ni wavivu au wanaidharau lugha, kana kwamba mpiga mbizi wa Kure angalilaumiwa kwa kioo kilichofyatuka. Maswali yanayostahili ni mengine: neno lilikwama wapi? Ni refu? Halinyambuliki? Au lilimfikia mtumiaji akiwa tayari na lake? Orodha za istilahi zifikishwe kwa fundi wa saa, karani na mwuza simu zikiwa bado rasimu, kabla hazijapigwa chapa, na majibu yao, hata yale ya kukera, yaandikwe pembeni mwa kila neno.