Ladha ya mvinyo wa Dodoma huanzia siku ya kuvuna

KIPUPWE kinabisha hodi Dodoma. Kuanzia Juni hadi Agosti jioni za mji huo huhitaji koti, na mvinyo mwekundu hunyweka vizuri kuliko kwenye joto la Novemba. Kwa mkulima wa zabibu wa Mpunguzi, Hombolo au Bihawana, miezi hiyo ina maana nyingine. Mizabibu iliyopogolewa baada ya mvua inabeba matunda ya kuvunwa Agosti na Septemba, msimu ambao kwa kawaida hutoa zabibu bora kuliko zile zinazovunwa kati ya Januari na Machi. Hakuna mvua ya kuozesha vishada wala ya kuzimua sukari ndani ya tunda.

Ubora huo unaonekana kwenye glasi, na yeyote anayetaka kujua kwa nini bei ya zabibu inasuasua anaweza kuanza kwa kuonja.

Mvinyo mweupe wa Chenin Blanc ndio msema kweli kuliko yote. Zabibu ikivunwa imeiva, mvinyo wake hunukia tufaha na asali kwa mbali, na uchachu wake husafisha kinywa kama maji ya limau. Ikivunwa mapema, ladha ni ukwaju mtupu na kinywaji ni chepesi kama maji. Hata zabibu nzuri huharibika ikiwa mchuzi umechachushiwa kwenye pipa lililopata joto kali. Harufu yote hupotea, na kinachobaki ni kileo tu.

Mwekundu wa Makutupora una rangi nzito na ukakasi unaoshika ulimi kama wa bibo. Ukakasi huo si kasoro. Ukiwa na utamu wa kutosha wa tunda nyuma yake, unakwenda sawasawa na nyama choma. Syrah ya Dodoma, ikitengenezwa kwa uangalifu, huongeza harufu inayokumbusha pilipili manga, na kwa usiku wa baridi ndiyo ya kuchagua.

Halafu kuna mvinyo mtamu wenye nguvu, ambao mitaani wengi huuita dompo. Wapo wanaoubeza, na si haki, kwa sababu ndio uliowafundisha Watanzania wengi kunywa mvinyo. Lakini sukari hufunika mengi. Utamu uliotoka kwenye gunia la sukari ni utamu ambao mkulima hakulipwa.

Hapo ndipo penye kiini cha biashara hii. Zabibu si ndizi, haivundikwi. Ikishakatwa kwenye mti haiongezi sukari hata chembe, na sukari hiyo ndiyo inayogeuka kileo. Mchuzi wenye nyuzi 16 za kipimo cha Brix hutoa mvinyo wa karibu asilimia 9 ya kileo. Wenye nyuzi 22 hufika asilimia 12 hadi 13. Katika kila lita 100 za mchuzi, tofauti hiyo ni takriban kilo 7 za sukari.

Sasa, pale mnunuzi anapotoa bei moja kwa kila kilo bila kupima, mkulima anayesubiri wiki mbili zaidi anajitia hasara mwenyewe. Ndege wanakula, wezi wanaingia shambani usiku, ada za shule zinadaiwa, na tunda likianza kunyauka uzito nao unapungua. Gari la mnunuzi likifika leo, kesho huenda lisirudi. Anayevuna zabibu chachu si mvivu, anapiga hesabu sahihi kwa bei aliyowekewa. Kiwanda nacho kinapata mvinyo mwepesi, kinauza kwa bei ya chini, kisha kinamwambia mkulima kuwa soko ni gumu.

Serikali imekuwa ikitoza ushuru mdogo kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini. Nafuu hiyo inamsaidia mwenye kiwanda kushindana na chupa zinazoagizwa kutoka nje. Hata hivyo, ushuru hauangalii zabibu ziliiva au la, na nafuu hiyo haifiki shambani kama bei haikutofautishwa.

Kipo kifaa kidogo cha mkononi, refraktometa, ambacho kikundi cha wakulima kinaweza kuchangia na kutumia kwa zamu. Tone moja la maji ya zabibu huwekwa kwenye kioo chake, kifaa kikaelekezwa kwenye mwanga na nyuzi zikasomwa papo hapo. Sampuli ichukuliwe kwenye vishada vingi, vya juani na vya kivulini, la sivyo mnunuzi atakuwa na haki ya kubisha. Mwenye namba mkononi anaweza kudai bei mbili, moja ya zabibu za chini ya nyuzi 18 na nyingine ya zilizozidi hapo, na makubaliano hayo yafanyike sasa, kabla vishada havijaanza kubadilika rangi. Agosti, gari likiwa limeshaegeshwa pembeni ya shamba, muda wa mazungumzo unakuwa umekwisha.

Mwenye duka naye ana lake. Chupa inayopangwa dirishani ipigwe jua ili ivutie wateja huharibika kabla haijauzwa, na mvinyo uliofunguliwa ukakaa siku nyingi kwenye kaunta huelekea kuwa siki. Mteja akiuonja hivyo hatailaumu kaunta. Atasema mvinyo wa Dodoma ni mbaya.