BOSI KANIOMBA MSAMAHA, KUMBE MWIZI NI MIMI!

Leo sina stori ya mapenzi wala simsemi mtu. Leo najisema mwenyewe, na ukimaliza kusoma ruksa kunicheka.

Nilipomaliza Kidato cha Nne nilisota mtaani mwaka mzima, mpaka mjomba akanitafutia kibarua katika duka moja la vitambaa hapa Dar, katikati ya mji. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, mpole, sauti yake huisikii mpaka usogee. Kazi yangu ilikuwa kupeleka vitambaa kwa mafundi cherehani wa Kariakoo, kupokea hela na kuzirudisha dukani.

Sasa si unawajua vijana wa mjini? Bosi akisema mita moja elfu sita, mimi nikifika kwa fundi nasema elfu sita na mia tano. Ile mia tano ni cha juu, inaishia mfukoni kwangu. Kijiweni nikiwasimulia washikaji wananigongea mikono: "Huo siyo wizi bwana, hiyo ni akili." Na mimi nikajiona mjanja kweli kweli.

Bosi mwenyewe alikuwa na mambo yake. Chipsi hagusi. Siyo chipsi tu, viazi vya aina yoyote, vitunguu, saumu, karoti, vyote hali. Jioni anawahi nyumbani ili ale kabla jua halijazama. Mende akikatiza dukani, ole wako umkanyage! Mzee anamzoa kwa karatasi taratibu, anamtoa nje kama mgeni anayesindikizwa. Mimi nilidhani ndivyo walivyo Mabaniani wote, mpaka siku moja nikamuuliza. Akacheka, akasema, "Mimi siyo Mhindu, kijana. Mimi ni Mjaini."

Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo. Basi kila duka likipoa nikawa namchokonoa, naye ananieleza.

Dini yao ni ya zamani sana huko India. Wanahesabu walimu wakuu 24, na wa mwisho ni Mahavira, mtu wa Bihar aliyeishi zama za Buddha, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Mahavira alizaliwa kwenye ukoo wa kitawala, lakini alipofika miaka 30 akaacha kila kitu, akaishi kwa mateso miaka 12 akiitafuta kweli. Leo Wajaini si wengi. Sensa ya India ya mwaka 2011 iliwahesabu kama milioni 4 na nusu tu. Hapa Afrika Mashariki wapo tangu enzi za wakoloni, hasa Kenya, na wengi asili yao ni Gujarati.

Kwao kila chenye uhai kina roho, kuanzia mimi na wewe hadi mende na mchicha. Kwa hiyo amri ya kwanza ni ahimsa, yaani usidhuru. Kiazi hawali kwa sababu ukiking'oa umeua mmea mzima, tena na vidudu vilivyomo. Hata biashara wameipenda kwa sababu hiyo hiyo, maana jembe likishuka ardhini linaua. Watawa wao ndiyo usiseme: wanakwenda kwa miguu, wengine wakifagia njia kwa ufagio laini wasije wakakanyaga mdudu.

Baada ya ahimsa wana kusema kweli, kutochukua usichopewa, kujizuia katika mambo ya mwili, na kutojilimbikizia mali. Mtawa anazishika zote bila punguzo. Mtu wa kawaida anashika kwa kadiri yake. Kwenye mali, kwa mfano, anajiwekea kikomo mwenyewe kwamba nikifika hapa basi, inatosha.

Lakini kilichoniingia zaidi ni habari ya karma. Mimi nilifikiri karma ni ile ya kwenye filamu, mtu akikutenda naye atatendwa. Kwa Wajaini karma ni kama vumbi hasa, laini mno, linaloganda kwenye roho na kuifanya izaliwe tena na tena. Hasira, kiburi, hila na tamaa ndiyo mafuta yanayolifanya ligande. Nguo kavu ukiikung'uta vumbi linatoka, yenye mafuta utakung'uta mpaka uchoke. Na hawaamini kuwa yupo Mungu muumba wa kukufutia. Vumbi lako utalitoa mwenyewe.

Nikaitikia, "Ndiyo, bosi," huku mfukoni nina elfu tatu za cha juu!

Ikafika Paryushana. Hizo ni siku nane, mwezi wa Agosti au Septemba, ambazo Wajaini wa madhehebu ya bosi wanafunga na kujichunguza. (Wa madhehebu mengine wana siku kumi.) Bosi alikuja na chupa ya maji yaliyochemshwa, basi, hakuna kingine kinachopita mdomoni. Siku ya nane huitwa Samvatsari. Kesho yake asubuhi nikiwa nafagia, mzee akanijia, akasimama mbele yangu, akaunganisha viganja.

"Micchami dukkadam," akasema. "Kama nimekukosea mwaka huu, kwa kujua au kutojua, kwa neno, tendo au wazo, naomba unisamehe."

Bosi! Kwa kijana wa kufagia! Nikatafuta la kujibu, ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Akaenda kwa mlinzi, akarudia yale yale. Akapiga simu kwa ndugu zake, mmoja baada ya mwingine. Nasikia kuna ambao hata hawakuwa wakisalimiana naye.

Usiku ule sikulala. Siku ya tatu nikamfuata, nikamwaga kila kitu, nikingoja kufukuzwa au kuitiwa polisi.

Mzee akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Bei yangu mimi niliipata. Uliowachukulia ni mafundi." Akanipa daftari na kalamu.

We acha tu! Niliandika majina kumi na moja, jumla elfu sabini na nne kwa ninavyokumbuka. Bosi akanikopesha, akawa ananikata kwenye mshahara kidogo kidogo. Lakini kupeleka hakuenda mtu, nilikwenda mwenyewe. Fundi wa kwanza alicheka mpaka akaegemea cherehani. Wa pili alinitukana matusi ambayo mhariri hawezi kuyachapa. Mama mmoja alizihesabu zile noti, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, ile miezi nilikuwa nashangaa mbona faida haionekani, nikawa namshuku binti yangu."

Hapo ndipo nilipolia. Cha juu changu kilikwenda kuvuruga nyumba ya watu, na mimi kijiweni nasifiwa akili.

Fundi wa kumi na moja sikumpata. Alihama, na majirani hawajui alikokwenda. Elfu nne na mia tano zake ninazo mpaka leo, ziko ndani ya lile daftari.

Sikubadili dini, mpenzi msomaji, na viazi naendelea kula. Ila cha juu sichukui tena, na kila mwaka Septemba ikifika nakaa na kujiuliza ni nani wa kumwendea. Wewe wako ni nani? Usimtumie salamu. Mwendee.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.