Kugeuza pikapu kuwa fowili si kazi ya kiraka

Mvua za masika zinapoanza kunyesha Kinangop, Molo na Mau Narok, na udongo mweusi wa Kajiado unapogeuka kuwa gundi, mwenye pikapu kuukuu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake huanza kuitazama kwa jicho la lawama. Viazi vimo shambani, maziwa yamo mikebeni, mnunuzi yuko barabara ya lami, na baina yao pana kilomita chache za matope. Hapo ndipo fundi anapojitokeza na ushauri mtamu: usiiuze, tuigeuze. Tutatafuta ekseli ya mbele kwa wauza vipuri, tutaichomelea, nawe utakuwa na gari la kusukumwa na magurudumu yote manne, yaani fowili, kwa sehemu ndogo ya bei ya fowili yenyewe.

Ushauri huo si wa kupuuzwa, wala si wa kumezwa mzima. Nionavyo mimi, kugeuza pikapu ya namna hiyo si kuiongezea kifaa bali ni kuiunda upya, na yeyote asiyekuwa na uwezo wa kuikamilisha kazi hiyo yote, kuanzia vyuma hadi hati, ni heri asiianze.

Huenda msomaji akauliza mwalimu wa isimu anatafuta nini gerejini. Jibu ni kwamba jambo hili lafanana mno na lile tulifundishalo kila siku, yaani upatanisho wa kisarufi. Ukisema "kitabu changu kizuri kimepotea", kisha ukataka kutaja vingi, huwezi kubadilisha neno la kwanza tu ukaacha mengine yalivyokuwa. Ni lazima useme "vitabu vyangu vizuri vimepotea". Neno moja likibadilika, sentensi nzima hubadilika. Tofauti ni kwamba anayevunja upatanisho katika sentensi huchekwa, ilhali anayeuvunja katika gari huweza kuzikwa.

Tuanze na giaboksi. Katika pikapu ya kawaida, nguvu hutoka kwenye giaboksi na kupita katika propela ndefu hadi kwenye difu ya nyuma. Katika fowili, sharti pawepo nyuma ya giaboksi sanduku la kugawanya nguvu, ambalo hutoa propela mbili, moja ikielekea nyuma na nyingine mbele. Sanduku hilo halipachikwi popote. Mkia wa giaboksi ya pikapu ya kawaida haukuundwa kulipokea, na kwa hivyo mara nyingi giaboksi nzima hubadilishwa. Urefu wa giaboksi na sanduku lake ukibadilika, propela ya nyuma nayo haina budi kukatwa ipate kimo kipya, kisha isawazishwe kwa mashine. Isiposawazishwa, gari zima hutetemeka, na viungo vya propela hiyo huisha kabla ya wakati wake.

Mbele nako kuna mambo. Ekseli yenye difu yahitaji nafasi, na nafasi hiyo tayari imekaliwa na karai la oili chini ya injini, pamoja na boriti ya fremu inayoshikilia mikono ya magurudumu. Karai litabadilishwa umbo, au injini itainuliwa. Boriti itakatwa na vishikizo vya springi vitachomelewa mahali ambapo mtengenezaji hakuvikusudia. Vyuma vya usukani vitabadilika pembe, na mipira ya breki iliyotosha jana itakuwa mifupi leo.

Fauka ya hayo, ipo hesabu isiyoonekana kwa macho. Uwiano wa meno katika difu ya mbele ni lazima ulingane na ule wa difu ya nyuma, na magurudumu yote yawe ya kimo kimoja. Ikiwa propela ya nyuma huzunguka mara 3.9 ili gurudumu lizunguke mara moja, nayo ya mbele ikahitaji kuzunguka mara 4.1, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatakuwa yakishindana safari nzima. Matopeni tairi zitateleza, na ushindani huo hautatambulika. Kwenye ardhi ngumu, vyuma ndivyo vitakavyobeba mzigo, na wahenga walinena kwamba kamba hukatikia pabovu. Hata fowili iliyolingana barabara, ikiwa haina difu ya katikati, haifai kuendeshwa kwenye lami kavu huku magurudumu yote yameunganishwa, kwa sababu gari linapokata kona magurudumu ya mbele husafiri mwendo mrefu kuliko ya nyuma.

Haya si maoni ya mtu mmoja. Tazama walivyofanya watengenezaji wenyewe. Toyota ilianza kuuza Hilux mwaka 1968, lakini Hilux ya fowili haikutoka hadi mwaka 1979. Ilipotoka, haikuwa ile ya kawaida iliyoongezwa propela. Ilikuwa na fremu yake, ekseli nzima ya mbele, na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ndiyo maana mtu anayedhani kwamba Hilux mbili za mwaka mmoja ni mapacha, eti ekseli ya moja itaingia kwa nyingine kama mkono katika glavu, hujikuta amenunua kazi ya miezi.

Mfano mwingine watoka Ufaransa. Mhandisi Henry Dangel wa jimbo la Alsace alitoa mwaka 1980 Peugeot 504 iliyogeuzwa kuwa fowili, na pikapu za aina hiyo zikageuzwa pia. Gari hilo tunalijua vyema sisi Wakenya, kwani 504 ziliunganishwa papa hapa nchini na pikapu zake zilibeba mazao na abiria pembe zote za taifa. Mafanikio ya Dangel yathibitisha kwamba jambo hili linawezekana. Lakini yatazame kwa makini: alikuwa na kiwanda, alikuwa na michoro, na alilirudia gari lile lile kwa vipimo vile vile. Hakuokota ekseli ya gari hili akaitia katika fremu ya lile.

Sisemi kwamba fundi wetu wa jua kali hana akili ya kazi hiyo. La hasha! Nimewasikiliza mafundi wakieleza kwa Kiswahili chao jinsi nguvu inavyosafiri kutoka injini hadi tairi, na wengi wao hueleza vizuri kuliko vitabu. Kinachokosekana si akili bali ni kumbukumbu iliyoandikwa. Kipuri kimoja kina majina matatu katika gereji tatu, vipimo vimo kichwani mwa fundi mmoja, naye akihama au akifariki huondoka navyo. Vyuo vya kiufundi vingefanya jambo la maana kama vingewaketisha mafundi hao na walimu, wakaandika mwongozo wa Kiswahili wenye michoro, majina na vipimo.

Sasa tuje kwenye sheria, mahali ambapo wengi hunaswa. Mafundi waangalifu husema kwamba ni salama zaidi kutafuta fremu nzima ya fowili ya aina ile ile, yenye ekseli zake zote mbili, kisha kuihamishia kibanda cha pikapu yako. Kiufundi wana haki, kwani fremu hiyo iliundwa ikiwa na upatanisho wake. Lakini nambari ya chesisi imegongwa kwenye fremu. Ukibadilisha fremu, gari ulilo nalo si lile lililoandikwa katika hati zako. Sheria ya Trafiki humtaka mwenye gari awaarifu wasajili maelezo yaliyosajiliwa yanapobadilika, na sheria ya mwaka 2012 iliweka jukumu la kusajili na kukagua magari mikononi mwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama. Asiyefanya hivyo huweza kushukiwa kuwa mwizi wa gari lake mwenyewe. Isitoshe, kampuni ya bima iliyofichwa badiliko kubwa kama hilo huwa na sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali.

Na ajali si dhana tu. Pikapu iliyoinuliwa juu ya ekseli mpya huinuka pamoja na mzigo wake, na chombo kirefu hupinduka upesi kuliko kifupi. Uzani wa mbele huongezeka, nazo breki zilipimwa kwa uzani wa zamani. Wanaopanda nyuma, juu ya magunia, hawakuulizwa kama vishikizo vilichomelewa vikashika. Kwa sababu hiyo naipendekezea serikali ukaguzi maalumu wa magari yaliyogeuzwa, usioishia kwenye taa na honi bali ufike kwenye fremu, usukani na breki, na atakayefuzu apewe hati inayolitambua gari lake jinsi lilivyo. Ada ya ukaguzi huo iwe nafuu. Ikiwa ghali, watu watajificha.

Kwa yule asiyeweza kuzifuata hatua zote hizo, je, amehukumiwa kukwama? Hasha. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na kwa zaidi ya miaka 30 washindi wake wote walitumia magari ya kusukumwa na magurudumu mawili, katika matope yale yale tunayoyalaumu. Ove Andersson alishinda mwaka 1975 kwa Peugeot 504 ya kawaida ya kusukumwa kwa nyuma. Fowili haikushinda hadi mwaka 1987, Hannu Mikkola alipotwaa ushindi kwa Audi. Naam, wale walikuwa madereva hodari wenye mafundi wa kuwafuata. Hata hivyo funzo lipo: magurudumu yanayosukuma ni sehemu moja tu ya hesabu.

Mwenye pikapu kuukuu aanze na tairi zenye meno marefu yanayofaa matope. Apange mzigo uelemee ekseli ya nyuma bila kupita kiasi. Akiingia kwenye utelezi, apunguze upepo wa tairi kidogo, na akifika lamini aujaze tena. Difu ya kawaida hulizungusha zaidi lile gurudumu lisilo na mshiko, na ndiyo sababu gurudumu moja huchimba shimo huku jingine likitazama. Difu inayoweza kufungwa huyalazimisha yote mawili kusukuma, na kuipachika ni kazi ndogo sana ikilinganishwa na kukata fremu. Minyororo ya tairi, jembe na kamba imara vinamtoa mtu mahali pengi. Akiona kwamba hata hivyo havimtoshi, na hesabu yake yaonyesha fowili itamlipa, basi auze pikapu yake, aongeze akiba, anunue iliyozaliwa fowili.

Na atakayeamua kugeuza, ageuze kikamilifu. Kabla hajalipa hata shilingi, amtake fundi wake amwandikie kila kitakachobadilika: giaboksi, sanduku la nguvu, propela zote mbili, uwiano wa difu, springi, usukani, breki, karai la oili na hati. Fundi anayeweza kuijaza orodha hiyo anastahili kusikilizwa na kulipwa vizuri. Yule anayejibu kwamba mengine yataonekana mbele ya safari, huyo aachwe na ekseli yake.