Mimba ya uongo ya mbwa: hapana bulozi, na hapana kusema tu «itapita»



Mumenizoea kwa mambo ya mushahara, ya mabote yenye kutoboka na ya bisi yenye kutuacha njiani. Leo nitasema juu ya mbwa. Musicheke kwanza. Wakati weye uko chini ya udongo mu kazi ya usiku, nani anachunga lupangu yako? Ni mbwa. Mwizi akiruka ukuta, njo yeye anaamusha mama na watoto. Na yeye ni mutumishi. Lakini hana sendika, hana munganga wa kampani, na akigonjwa tuko na majibu mawili tu: «ni bulozi», ao «itapita».

Miye nilitoa majibu yote mawili, moja kisha ingine, na mara zote mbili nilikosa. Jibu ya kwanza ilimuumiza mama muzee mwenye hana kosa. Jibu ya pili iliua mbwa wangu. Ndiyo sababu ninaandika.

Mbwa wetu tulimwita Bijou. Alikuwa mbwa wa kartie tu, kama mbwa wengi wa kwetu, na uzazi wake haukukatwa. Alipokuwa na miaka 3 hivi, alitoka damu, wakati ule watu wanaitaka shalere. Tulimufungia ndani ya lupangu mayenga 3, hakuna dume hata moja aliyemufikia. Tukasahau. Kisha miezi 2 hivi, tukaona mabele yake yanavimba na tumbo inanenepa. Akachimba shimo nyuma ya jiko. Akakamata bote yangu moja ya zamani na sapato mbili za mutoto, akaziweka mule, akalala kuzizunguka na kuzilamba. Maziba yanatoka kabisa. Lakini mutoto wa mbwa, hata mumoja, hakuna.

Kartie ikapata jibu mbio. Nyuma ya lupangu yetu kuna mama muzee, mujane wa mutumishi wa mugoti, anapanga chumba kimoja na kuuzisha makala. Watu wakasema: «Ni ule nkambo. Amekula batoto ya mbwa mu tumbo. Kesho atakula ya bantu.» Watoto wakaacha kumusalimia. Usiku mumoja, mutu akatupa jiwe juu ya mabati yake.

Na miye? Miye delege, mwenye kusimama mbele ya wakubwa wa kazi na kuwaambia «lete ushahidi mbele ya kufukuza mutu», nilinyamaza siku 3. Sikuuliza jirani hata mumoja: «Ushahidi iko wapi?»

Siku ya 4, mutoto wangu mudogo alienda kukamata sapato yake mule mu shimo. Bijou, mwenye hajawahi kumugusa, akamuuma mukono. Tukasafisha kidonda kwa maji na sabuni, tukaenda hospitali kwa sindano za kichaa cha mbwa. Kutoka pale nilienda kwa munganga wa nyama, nikiwa na kasirani, juu ya kuuliza namna ya kumuua mbwa. Yeye aliniuliza swali moja tu: «Alitoka damu lini?» Nikahesabu: miezi 2. Akaja kumuangalia, akashika tumbo, akasema: «Hakuna kitu ndani. Ni mimba ya uongo. Hakuna mutu amemuloga. Mwili wake njo umemudanganya.»

Musikilize vile alinielezea, maana ni jambo rahisi. Kwa mwanamuke wetu, kama mimba haikuingia, mwili unajua mbio na damu inarudi kila mwezi. Kwa mbwa hapana. Yeye anatoka damu karibu kila miezi 6, kwa wengine ni zaidi. Kisha mayai kutoka, mwili wake unatengeneza homoni ya kuchunga mimba, projesteroni, kwa muda wa miezi 2 hivi, hata kama hakuona dume. Mimba ya kweli ya mbwa inakamata siku 63 hivi. Kwa hiyo mwili wenye mimba na mwili usio na mimba inatembea njia moja. Ile homoni ikishuka, ingine inapanda, prolaktini, yenye kuleta maziba na roho ya mama. Basi mbwa anatafuta mutoto wa kulea. Asipomuona, anakamata bote.

Kwa sehemu kubwa, mambo hayo yanaisha yenyewe mu mayenga 2 ao 3. Kazi yetu ni kutoharibu. Usikamue yale mabele, usiyapanguse na maji ya moto: ukikamua, mwili unawaza mutoto ananyonya, unaongeza maziba. Zuia pia mbwa asijilambe sana. Vile vitu anavilea, usimunyanganye mbele yake. Ngoja atoke kutembea, njo uvitoshe polepole. Mutembeze, umuchezeshe. Usimunyime maji. Watoto wakae mbali na fasi yake ya kulala, juu wakati ule anawaza anachunga watoto wake. Kama bele moja inakuwa nguvu, ya moto, ya kuuma, ao kama mambo inapita yenga ya 3, muite munganga. Kama dume alimufikia, munganga aangalie kwanza, maana inaweza kuwa mimba ya kweli.

Jioni ile nilienda kwa nkambo. Nilimuambia mbele ya majirani munganga amesema nini, na nikamuomba musamaha juu ya siku 3 zangu za kunyamaza. Alinijibu: «Mwana wangu, nilikuwa ninakungoja weye.» Neno lile ninalibeba mupaka leo. Watu wengi walikuwa wanasema vibaya, lakini yeye aliumizwa zaidi na mumoja mwenye alinyamaza.

Ningefunga barua hapa, ingekuwa hadisi ya kuisha muzuri. Lakini bado.

Kisha miaka mingine, Bijou akiwa muzee kidogo, akatoka damu tena. Kisha yenga ya 5 ao ya 6, akaacha kula. Tumbo ikavimba. Akawa mulegevu. Mama ya watoto akaniambia: «Baba, Bijou hayuko muzuri, anamaliza bakuli ya maji mara tatu kwa siku.» Miye, mwenye nilijifunza somo moja, nikajibu kama mwalimu: «Ni mimba ya uongo tena. Itapita.» Siku ya 3 akatapika. Siku ya 5 nilipotoka kazini asubuhi nilimukuta amelala karibu na mulango, hawezi kusimama. Munganga alipokuja, alikuwa amekufa.

Haikuwa mimba ya uongo. Ilikuwa usaha ndani ya mufuko wa mimba, ugonjwa waganga wanauita piometra. Unatokea wakati uleule, mayenga machache kisha damu, na kwa sababu ya homoni ileile: projesteroni inanenepesha ukuta wa mufuko wa mimba, inafunga mulango wake, na vidudu vyenye viliingia wakati wa damu vinabaki ndani na kuzaana. Ugonjwa huu unakamata zaidi mbwa wenye umri, lakini hata kijana anaweza kuupata. Kule Sweden, fasi mbwa wengi hawakatwe uzazi na wako na asiranse, waliwahesabu: karibu mbwa mwanamuke 1 kati ya 4 aliupata mbele ya kufikisha miaka 10. Si jambo la bahati mbaya ya lupangu moja.

Shikeni tofauti yake. Mbwa wa mimba ya uongo yuko na maziba, analea vitu, anaweza kupunguza kula, lakini yuko macho, anatembea, anakujibu ukimuita. Mbwa wa usaha anakunywa maji mingi sana, anakojoa mingi, anaacha kula, analegea, anatapika. Mara ingine usaha ao damu ya kunuka inatoka nyuma. Mara ingine mulango umefunga, hakuna kitu kinaonekana inje, tumbo tu inavimba: ile njo mubaya zaidi. Ukiona hivyo, usingoje kesho. Vidonge vya vidudu vya kuuza sokoni peke yake havitoshe. Karibu siku zote inaomba kumupasula na kutosha ule mufuko, na kila saa inahesabika.

Kuna hesabu ndogo ingenisaidia. Shiye tunaandikaka kila siku ya kazi, juu fishi ya paye isije na uongo. Basi uandike na tarehe ya damu ya mbwa wako ukutani ao mu kaye ya mutoto. Kisha ile tarehe, hesabu miezi 2 mupaka 3, na mu muda ule muangalie kila siku: anakula? anakunywa namna gani? anatoka nini nyuma? Hesabu hiyo haiombi hata franka moja.

Lakini dawa ya kweli ya mambo yote mawili ni moja: kukata uzazi wa mbwa mwanamuke mwenye hautaki azae. Munganga anatosha fasi ya mayai, mara nyingi pamoja na mufuko wa mimba. Mimba ya uongo inakosa fasi, usaha unakosa fasi, na ukifanya mapema hatari ya kansere ya mabele inashuka. Lakini usiipange wakati wa damu, wala wakati maziba yanatoka, maana ukimupasula mu mimba ya uongo, inaweza kukawia kuisha. Munganga anapenda kungoja miezi 3 hivi kisha damu.

Ninajua yale mutaniambia, maana na miye niliyasema. «Mbwa mwenye kukatwa uzazi hachungi tena.» Hapana. Mbwa anachunga juu anajua lupangu ni yake na watu ni wake. Mufuko wa mimba haubweki. «Aache azae mara moja kwanza, njo atakuwa muzuri.» Hapana. Kuzaa mara moja hakumukingi na mimba ya uongo ya kesho, na wale watoto 6 ao 7 utawapeleka wapi? Wengi wanaishia barabarani, bila chanjo, na ni mutoto wako ao wa jirani wataumwa. «Nitamupiga sindano ya wanawake ya kuzuia mimba, ni bei kidogo.» Hapo ndugu, simama. Zile dawa ni ndugu ya projesteroni ileile. Zinaweza kuleta usaha wenyewe na uvimbe wa mabele. Unawaza unaokoa falanga, kumbe unanunua kifo.

«Falanga iko wapi?» Ile swali ni ya kweli. Kati ya bunga, nyumba na masomo ya watoto, hakuna mutu wa kambi anabaki na makuta ya kupasula mbwa. Sitawadanganya. Lakini shiye watu wa sendika tunajua jambo moja: kile mutu mumoja hawezi, watu 20 wanaweza. Munganga akiitwa kwa mbwa mumoja, analipisha safari yote kwa mutu mumoja. Lupangu 20 zikichanga kidogokidogo na kumuita siku moja, bei ya kila mumoja inaweza kushuka. Siku ileile apige na chanjo ya kichaa cha mbwa. Ile chanjo si mambo ya anasa: mutu akianza kugonjwa kichaa cha mbwa, karibu hakuna anayepona, na karibu vifo vyote vya watu kwa ugonjwa huu vinatoka kwa kuumwa na mbwa. Mutu akiumwa, hata na mbwa wake mwenyewe, asafishe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali.

Kwa hiyo mawazo yangu ni haya. Kila komite ya kartie ichague mutu mumoja wa kuandika mbwa wote wanawake, tarehe zao za damu na chanjo zao. Tuweke kasa ndogo, sawa vile tunawekaka ya matanga. Mara moja kwa mwaka tumuite munganga. Na siku ile mbwa wa jirani ataleta maziba bila watoto, wa kwanza kusikia neno «bulozi» asimame palepale na kuuliza: «Alitoka damu lini?» Asingoje siku 3.

Nkambo angali anauzisha makala nyuma ya lupangu yetu. Mwezi uliopita tulileta mbwa mupya, mudogo, mwanamuke. Nkambo njo alinikumbusha: «Na huyu, tarehe yake utaiandika wapi?» Nimetundika kaye na kalamu ku mulango wa jiko.