Kivuli cha Mchumia Juani

Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Aghalabu methali hii hutumiwa kuhimiza bidii. Ajabu ni kwamba tumeishika nusu yake ya kwanza na kuitupa ya pili: jua tumelikubali, kivuli tunakiita uvivu. Maoni yangu ni kwamba mapumziko mafupi ya kila siku ni sehemu ya kazi yenyewe, na kumnyima mja mapumziko hayo ni kumnyima haki.

Tuanze na lugha. Kitenzi pumzika kina nasaba moja na pumua na pumzi. Kwa hiyo Kiswahili hakikuyafunga mapumziko katika kitanda wala katika likizo, bali kiliyahusisha na jambo tulifanyalo kila dakika. Vivyo hivyo, Waswahili wa Lamu na Mombasa walijenga baraza za mawe milangoni mwa nyumba zao, watu wakapata pa kubarizi na kupunga upepo. Yaani mapumziko yalitengewa mahali.

Sasa tulitazame jiji letu. Mkazi wa Kangemi au Kawangware hudamka alfajiri kuelekea katikati ya jiji. Akiwa na nauli, atasongamana na wenzake katika matatu yenye muziki unaonguruma, akiikosa, atatembea. Kazini anangojwa na msimamizi, na simuni anadaiwa kodi, karo na mkopo. Apatapo dakika tano za nafasi, huifungua simu iyo hiyo akidhani anapumzika, kumbe amehamisha tu mzigo kutoka bega moja hadi jingine.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Hayo ni mema, ila mchuuzi hana mwajiri wa kumdai likizo. Fauka ya hayo, mja huchoka kwa saa, hangojei mwaka uishe. Mnamo 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huandamana na hatari ya kiharusi inayozidi kwa asilimia 35 ile ya wafanyao saa 35 hadi 40.

Yamkini msomaji atauliza: mwenye njaa atapumzikaje? Swali ni la haki. Alipwaye kwa siku hawezi kwenda mbali wala kununua utulivu mkahawani. Ndiyo maana kivuli sharti kiwe karibu, tena cha bure. Bustani ya Jeevanjee ilitolewa kwa umma na Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1906. Mwaka 1991 ulipozuka mpango wa kujenga maegesho ya magari hapo, mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani, na bustani ikasalimika. Kabla ya hapo, mwaka 1989, Wangari Maathai alipinga jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika Bustani ya Uhuru, nalo halikujengwa. Tumezoea kuyasimulia hayo kama mapambano ya siasa na mazingira. Kwangu, yalikuwa pia mapambano ya kutetea pumzi ya mlalahoi.

Mapambano hayo hayajafika magharibi mwa jiji. Lavington na Kawangware ni majirani. Kwa huyu, miti imestawi nyuma ya kuta. Kwa yule, nyumba za mabati zimebanana hata pa kupanda mti ni shida. Serikali ya kaunti inayotafuta ardhi ya barabara na masoko haina budi kutafuta pia ardhi ya miti na viti.

Nasi wasomi tuna la kufanya. Tuache kumwita mzembe kibarua aliyejinyoosha nyasini adhuhuri. Baina ya mihadhara, tuiweke simu mfukoni, tuketi chini ya mti dakika kumi, tuvute pumzi bila kudaiwa lolote. Kisha turudi juani tukachume.