Simiti Inaua Nyumba za Lamu, na Sisi Tuko Busy na Milango

Wadau, leo niseme ukweli. Kila mtu akienda Lamu anarudi na video ya mlango wa nakshi. Mlango, punda, mashua, basi. Nyumba yenyewe hakuna anayeionyesha, na ndiyo inaumia.

Hebu jiulize, mbona vyumba vya nyumba za zamani za Lamu ni virefu halafu vyembamba? Si urembo. Dari inabebwa na boriti za mikoko, na upana ukizidi mita 3 hivi boriti haziwezi. Yaani mti ndio uliochora ramani ya nyumba. Mimi niliacha chuo, lakini hiyo haihitaji digrii.

Sasa ingia. Mlangoni kuna daka, pa kukaa na mgeni bila kumpitisha kwa familia. Mbele kuna kiwanda, ule ua wa wazi unaoleta mwanga na hewa. Halafu misana, mmoja nyuma ya mwingine, kisha ndani. Kadiri unavyoingia ndivyo mambo yanavyokuwa ya wenyewe. Huko nyuma ndiko utaona zidaka, vishubaka vya ukutani vilivyonakshiwa kwa chokaa. Nyumba nyingi za aina hii ni za karne ya 18. Mwaka 2001 UNESCO wakaweka Mji wa Kale wa Lamu kwenye orodha ya urithi wa dunia. Tukapiga makofi.

Shida ni hii. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa inapumua: unyevu ukiingia, unatoka. Ukipaka simiti juu yake, unyevu unafungiwa ndani na ile chumvi yote. Plasta inabanduka, na ncha za boriti zilizoshikwa na ukuta zinaoza. Nje nyumba inang'aa, ndani inakufa.

Simlaumu mwenye nyumba. Simiti iko kila duka la vifaa, na inakauka haraka. Chokaa inataka subira na fundi anayeijua. Na nyumba ya urithi ina ndugu kumi, nani atoe pesa? Mwishowe wanauza. Tajiri wa mbali anaikarabati vizuri kabisa, zidaka zinarudi, vyumba vinakodishwa kwa watalii. Nyumba imepona, wenyewe wameondoka. Huo kwangu si urithi, ni duka zuri.

Maoni yangu: pesa ambazo Lamu inaingiza kwa sababu ya hizi kuta, sehemu yake irudi kwenye kuta. Mwenye nyumba apunguziwe bei ya chokaa na boriti, si kuambiwa tu asibomoe. Na vyuo vya ufundi vya Pwani vifundishe kazi ya chokaa kama vinavyofundisha ya simiti. Kijana wa Lamu alipwe kwa kushika mwiko, si kwa kumshikia mtalii kamera tu.

Ama mnaonaje? Watu wa Lamu hasa, nataka kuwasikia nyinyi kwanza.